Gari la Wasio na Haraka

Neno lenyewe nililisikia kwenye mashine ya kusaga, nikiwa na debe langu la mahindi, siku kumi kabla ya safari. Mwajabu wa mtaa wa chini, ambaye mumewe anahudhuria kliniki ya kifua, alisema bila kunitazama kwamba gari la serikali la wagonjwa linaondoka vizuri sana, ila mtu asiulize linafika wapi. Nikamuuliza ana maana gani. Akasema yeye hana maana yoyote, anasaga tu.

Neno hilo lilikataa kunitoka. Nikipepeta lipo, nikifua lipo, nikimlaza mtoto lipo. Nilijiambia ni umbea. Redio yetu hutukumbusha kila asubuhi kwamba adui wa kwanza wa taifa ni mtu anayesimama kwenye foleni akaanza kuongea, na Mwajabu alikuwa kwenye foleni, na alikuwa anaongea.

Nchi yenyewe sitaitaja. Wanaoishi humo wanaijua, na wasioishi humo wamshukuru Mungu wala wasiulize ramani. Nawaandikia akina mama wenye wagonjwa wasiokufa. Wanaokufa wana utaratibu wao, nao ni mzuri zaidi.

Binti yangu ana miaka saba na anaitwa Sikujua. Alivunjika mguu chini ya goti siku ambayo shule yao ilikuwa inafanya mazoezi ya kumpigia makofi Waziri. Watoto walipandishwa juu ya mabenchi ili makofi yatoke juu, benchi lao likakatika. Waziri hakuja, lakini taarifa ya habari ilisema makofi yalikuwa ya kiwango cha juu. Hospitali Kuu wakamfunga muhogo, ile plasta nyeupe ngumu, kutoka pajani hadi vidoleni.

Kutoka kwetu hadi Hospitali Kuu ni kilometa ishirini na nne. Mara mbili tulipelekwa na Mzee Ndimbo, muuza maji, aliyeshusha mapipa yake na kutandika godoro kwenye mkokoteni wa punda. Tuliondoka alfajiri, tukafika saa tano, mtoto akaonwa. Mzee Ndimbo hakutaka chochote. Alisema punda wake amechoka kubeba maji, leo abebe mtu apumzike.

Mara ya pili wakampiga picha, na daktari wa mifupa, kijana mpole anayeitwa Mbwilo, akanionyesha kwa ncha ya kalamu. Mfupa ulikuwa umeanza kulala upande. Akauliza tumekuja na nini. Nilipomwambia mkokoteni alifumba macho kidogo, akasema mitikisiko ya namna ile haifai. Akanipa tarehe: Jumatano ya wiki mbili zijazo, kabla ya saa nane mchana, aunyooshe.

"Mama, Jumatano hiyo usiikose," alisema. "Mfupa wa mtoto unashika upesi. Ukishashika umepinda, dawa yake ni kuuvunja upya."

Binti yangu naye alikuwa anamsikiliza daktari. Akaniuliza tukiwa njiani kama kuvunja upya ni mchezo wa mjini. Nikamwambia hatutaujua, kwa sababu Jumatano tutafika.

Basi nikaanza kutafuta gari lisilotikisa. Na gari lilikuwepo. Mfariji Mkuu wetu, Mungu amzidishie maneno, alikuwa amelihutubia taifa kwa saa nne kuhusu wagonjwa. Alilia mara mbili, mara ya pili kwa maombi ya wapiga picha ambao mara ya kwanza hawakuwa tayari. Alisema katika nchi yake hakuna mgonjwa atakayeachwa aende hospitali peke yake kama mwizi. Kila mgonjwa atasindikizwa. Watu walipiga makofi hadi redio ikakwaruza. Nami nilipiga, nikiwa jikoni, mikono ina unga.

Papo hapo ikaundwa Wizara ya Safari Zisizo za Haraka, na ndani yake Idara ya Kusindikiza Wagonjwa. Ikanunuliwa gari refu jeupe, ubavuni limeandikwa kwa rangi ya bluu HARAKA HARAKA HAINA BARAKA. Wagonjwa wakagawanywa mafungu mawili. Wa dharura ni yule asiyeweza kusema. Kwa kuwa anayeomba gari lazima aseme, ikagundulika kwamba nchi nzima haina mgonjwa wa dharura hata mmoja. Mfariji Mkuu alipewa nishani kwa hilo.

Na katika idara hiyo nilikuwa na mtu wangu, tena si mtu wa mbali. Nyamizi ni wifi yangu, dada wa marehemu mume wangu. Cheo chake ni Katibu Mwandamizi wa Kuaga. Alikuja nyumbani mwenyewe, akamkalisha Sikujua mapajani na plasta yake yote, akambusu mashavu, akasema mtoto wa kaka yake hawezi kubebwa kama pipa wakati shangazi yake anashika mhuri. Nilimpikia. Alikula, akaomba na ukoko. Nikamweleza lile neno la mashine ya kusaga, maana lilikuwa bado linanikereketa.

Alicheka hadi akashika meza. "Wifi, hao ni watu walionyimwa nafasi," akasema. "Mtoto wa kaka yangu nimdanganye, halafu kaka nikamwambie nini huko aliko?"

Mtu akikutajia marehemu wako namna hiyo, humuulizi tena. Nikamwongezea ukoko.

Alhamisi tukaenda ofisini kupimwa ulazima. Mpimaji ni Bwana Ligola, mtu mwenye kalamu tatu na wino kwenye moja. Aliuliza jina la mgonjwa.

"Sikujua."

Akaweka kalamu chini. "Mama, unamleta mgonjwa hata jina humjui?"

"Ndilo jina lake, bwana. Sikujua."

"Na sasa umeshajua?"

Wifi akaingilia, wakaelewana, na Bwana Ligola akaandika kwenye nafasi ya jina: mama hakujua, baadaye akajua. Kisha akamwamuru mtoto atembee hadi mlangoni ili aone kama kweli hawezi. Sikujua akasema hawezi. Bwana Ligola akaandika: anaongea vizuri. Akamwambia ajaribu tena, safari hii kwa uzalendo. Mtoto akanitazama, akashika kiti, akaruka hatua moja kwa mguu mzima, akakaa chini akilia. Bwana Ligola akaandika: ameonyesha maendeleo.

Palikuwa na mchango wa kusindikizwa, nao ni wa hiari. Alinifafanulia kwamba hiari ziko mbili, ya kutoa leo na ya kutoa kesho pamoja na faini. Cherehani yangu niliiuza siku ileile. Halafu nikapewa karatasi yenye kichwa cha habari Kiapo cha Kutokuwa na Haraka. Iliandikwa hivi: mimi mwenye mgonjwa nathibitisha mbele ya Mungu na Wizara kwamba sina haraka. Nikamnong'oneza wifi kwamba mimi ninayo, Jumatano saa nane. Akaninong'oneza kwamba haraka ni neno tu, asiyesaini hapandi. Nikasaini. Nimesoma hadi darasa la saba na mwandiko wangu ni mzuri, na siku ile niliutumia wote.

Swali la mwisho liliuliza kama mgonjwa ana njia nyingine ya kufika hospitali, na kama anayo, itajwe. Hilo sikulijaza. Lakini tukiwa nje, tunanunua maji, nilimwambia wifi kwa mdomo, kama mtu anavyomwambia ndugu, kwamba gari likikwama Mzee Ndimbo bado yupo. Akaniuliza Ndimbo yupi. Nikamwelekeza hadi rangi ya mlango.

Jumamosi walimfuata. Askari wawili na karani mmoja walichukua mkokoteni, na punda akazuiliwa kwa mahojiano. Mzee Ndimbo alionyeshwa hati ya mashtaka nami nikamsomea, kwa sababu yeye macho yake ni ya mbali. Kosa: kufikisha wagonjwa bila kibali. Alinishukuru kwa kumsomea. Hakuniuliza kitu, nami sikumwambia kitu, na nilirudi nyumbani kwa njia ya nyuma.

Nikamfuata wifi Nyamizi ofisini kwake. Hakukana. Aliniketisha, akaagiza chai, akanieleza kwa upole kwamba mwenye njia nyingine hufutwa kwenye orodha, ndiyo sheria, na yeye asingeweza kuniona nafutwa. "Kwa hiyo nimekusaidia," alisema. "Sasa huna njia nyingine. Jina lako limekaa imara."

Nilikunywa ile chai. Ndilo jambo linalonichoma hadi leo. Niliinywa na nikamwambia asante, kwa kuwa Jumatano ilikuwa inakuja na gari lilikuwa moja.

Jumatano saa moja asubuhi tulikuwa uwanjani, Sikujua amevaa gauni la sikukuu. Gari lina viti kumi na vinne. Wagonjwa walikuwa wawili, binti yangu na babu mmoja wa kliniki ya macho, Babu Mtuliya, aliyefungwa kitambaa machoni. Mimi nilihesabiwa kama mzigo wa mgonjwa. Viti vilivyobaki vilikuwa vya wasindikizaji: mkuu wa msafara na naibu wake, mtu wa dua, mtu wa kuhakiki dua, mpiga picha, waimbaji sita, na wifi yangu akiwa na faili. Kwa kuwa viti havikutosha, Babu Mtuliya alikaa sakafuni. Aliambiwa ni kwa usalama wake, asije akaanguka.

Hotuba zilichukua saa nzima na zaidi. Mkuu wa msafara alisema katika nchi nyingine wagonjwa hutupwa ndani ya magari kama viazi, lakini sisi tuna utu. Alilitamka neno utu mara nyingi hadi Babu Mtuliya akauliza ni nani huyo anayengojwa.

Tukaondoka. Na niseme kweli, gari halikutikisa. Sikujua alilaza mguu wake juu ya mapaja yangu, waimbaji wakaimba, wifi akamlisha mtoto biskuti na kumfuta mdomo kwa leso yake. Lile neno la Mwajabu likanitoka kabisa. Nilimwona wifi yangu pale na moyoni nikamwomba radhi.

Saa nne, kwenye kilometa ya kumi na mbili, gari likasimama. Hapakuwa na kijiji, duka wala kivuli. Palikuwa na nguzo ya saruji iliyopakwa rangi za bendera, na juu yake kibao: NGUZO YA KUAGANA. Tukateremshwa. Waimbaji wakapanga mstari. Mtu wa dua akaomba tufike salama, yule wa kuhakiki akahakiki. Mkuu wa msafara akanipa mkono kwa mikono yake miwili, akasema, "Haya mama, safari njema."

Nilidhani gari limeharibika. Nikauliza wanangoja fundi kutoka wapi.

Hapo ndipo alipotoa kijitabu. Akanisomea, akitabasamu kama mwalimu anayemsaidia mtoto mzito, kwamba kwa mila na desturi zetu tangu mababu, msindikizaji hutoka na mgeni, humfikisha nusu ya njia, huagana naye, kisha hurudi. Msindikizaji akiingia hadi kwa watu anakokwenda mgeni, huyo si msindikizaji tena, ni mdoezi. Wizara haiwezi kuvunja mila. Wataalamu wamepima kwa kamba, nusu ya njia ni hapa hasa, na serikali imejenga nguzo ili asitokee mgonjwa wa kupunjwa hata hatua moja.

Niliwatazama wote, nikamtafuta wifi. Alikuwa anafunga faili lake.

"Wifi Nyamizi," nikasema. "Ulijua."

"Nilikwambia tutakusindikiza," akasema. "Siku hata moja nilikwambia tutakufikisha?"

Nikarudisha kumbukumbu zote, kwenye ukoko, kwenye chai, kwenye mapaja yake akiwa na mtoto wangu. Hakuwahi kulitamka. Alikuwa amelizunguka neno lile wiki nzima kama mtu anavyoruka dimbwi, na nguo zake zilikuwa safi.

Nikamwambia mfupa haungoji, daktari anaondoka saa nane. Akafungua tena faili, akanionyesha mwandiko wangu mzuri. "Umeapa huna haraka, wifi." Hakusema kwa ubaya, na hilo ndilo baya lenyewe. Akaniweka sawa kanga begani, akambusu Sikujua, akapanda.

Sikujua alikuwa ameketi chini, mgongo kwenye nguzo, plasta imenyooka mbele yake. Mlango ulipofungwa alielewa kabla yangu. Alinyoosha mkono juu kabisa, akaita, "Shangazi, mmetusahau." Mpiga picha, dirishani, alipiga picha mbili.

Babu Mtuliya akauliza kama tumefika. Nikamwambia tumeagana, babu.

Siku za kusindikiza, magari mengine huzuiwa kwenye barabara ile, ili kusiwe na mgonjwa atakayepata lifti na kuharibu takwimu. Kwa hiyo nilimbeba Sikujua mgongoni kwa kanga, mguu wa plasta umechomoza pembeni kama mpini wa jembe, na Babu Mtuliya akashika pindo la kanga ya pili. Nikipumzika anapumzika. Alituomba radhi kila baada ya muda kidogo, kwa kutuchelewesha, na nilipomwambia asiombe alisema basi anaomba kwa niaba ya wengine. Plasta ilinikata ubavuni. Mtoto aliacha kuongea tulipopita nguzo ya kilometa ya kumi na nane, akaanza tu kuhesabu hatua zangu kwa sauti ndogo, akifika mia anaanza upya.

Tulifika saa tisa na nusu. Kliniki ya macho ilikuwa hadi saa kumi, Babu Mtuliya akaingia. Nilifurahi kwa ajili yake, na nilimwonea wivu. Mlango wa mifupa ulikuwa umefungwa. Muuguzi alisema Dakta Mbwilo alitungoja hadi saa nane na nusu, na alitoka nje mara mbili kuangalia barabara.

Dirishani, mtu wa tarehe alinipa karatasi nisaini kabla hajatafuta nafasi nyingine. Mtoto alikuwa bado mgongoni, jasho linaniingia machoni, mgongo unaita chini. Nikasaini. Nilipokwisha kumshusha ndipo nilipoisoma: mgonjwa amechelewa kwa hiari yake. Kwa waliochelewa kwa hiari, nafasi ni baada ya wiki tisa.

Ningebisha nini? Nililia, nikaulizwa kama ni dharura, na kwa kuwa niliweza kujibu, haikuwa.

Wiki tisa zilipokwisha tulifika. Tuliondoka siku moja kabla, kwa miguu na kwa kupokezana na kaka yangu. Dakta Mbwilo aliitazama picha, akaizima taa ya nyuma yake. Mfupa umeshika. Umepinda kuelekea ndani, kama kiwiko. Operesheni ni mwezi ujao, na sasa Sikujua anajua kuvunja upya ni mchezo gani, kwa sababu aliuliza naye daktari hakumdanganya. Usiku wa jana aliniambia anataka mimi nimshike mkono, si shangazi. Shangazi hajaomba.

Ofisini kwao sisi ni ushindi. Kitabu cha mwaka kinasema wagonjwa wote waliotoka walisindikizwa, mia kwa mia, na wifi Nyamizi amepandishwa kuwa Kaimu Mkurugenzi wa Kuaga. Mzee Ndimbo amerudishiwa punda bila mkokoteni. Nilikwenda kumwambia ukweli, kwamba jina lake lilitoka kinywani mwangu. Alisema alilijua siku ileile nilipomsomea hati, kwa jinsi nilivyosoma taratibu. Akanipa ndoo ya maji. Sijui kama amenisamehe au ndivyo anavyofanya kwa kila mtu.

Na kwenye ukuta wa kila zahanati katika nchi ile sasa kuna bango. Utaliona. Ni mtoto wa kike mwenye gauni la sikukuu na mguu wa plasta, ameketi chini ya nguzo nzuri, amenyoosha mkono juu, kinywa wazi. Chini yake wameandika: ASANTENI KWA KUTUSINDIKIZA. Watu husema mtoto yule ana furaha. Hapungi mkono. Analiita gari.

Haya ya kuepuka, nimeyaandika moja moja ili hata mwenye haraka ayasome:

Usikubali neno kusindikiza kwenye karatasi yoyote ya hospitali. Waambie waandike kufikisha. Wakikataa, umeshajibiwa.

Usiape kwamba huna haraka.

Usipande gari ambalo wanaoimba ni wengi kuliko wanaoumwa.

Usiuze chombo chako cha kazi kwa ajili ya mchango wa hiari.

Usimtaje kwa mtu wa ofisini yule anayekusaidia bure. Hata kama mtu wa ofisini ni ndugu. Hasa kama ni ndugu.

Usinywe chai yao ukiwa na hasira.

Usimdharau anayesema bila kukutazama.

Usimwache mtoto anyooshe mkono mbele ya kamera.

Usisaini kitu ukiwa umembeba mgonjwa mgongoni. Mshushe kwanza, hata kama ni chini, hata kama analia, usome hadi mwisho.